Kichwa cha Sindano Nilichokifukia Butiama

Wegesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, umesema nisihangaike ukichelewa kwa sababu nywele zako ni nyingi na msusi ana maneno mengi. Nimesubiri upotelee kwenye kona ya mashine ya kusaga, ndipo nimechukua kalamu. Nimekaa jikoni kwenye kigoda. Sebuleni liko lile jukboksi lako, na leo sitaki tutazamane.

Mwandiko wangu unaujua. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nilipokosea soma tu hivyo hivyo, kama unavyonisikiaga nikiongea.

Nilitaka nikuandikie habari za chandarua, na maji ya kuchemsha, na kutosimama ukingoni mwa kivuko pale Kisorya. Hayo nimeshayasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Kuna moja sijalisema, kesho unaondoka, na nikiliacha litaondoka na wewe likiwa uongo. Kile kichwa cha sindano cha jukboksi ulichokitafuta mpaka ukalia, Mzee Shabani hakukiuza. Hakukibadilisha, hakukipoteza, siku ile hata hakukigusa. Nilikichukua mimi. Mimi mama yako.

Pumua kwanza. Usiikunje karatasi.

Sijui nianzie wapi, basi acha nianzie Kiabakari. Habari za baa ya babu yako umezisikia kwa bibi, na bibi anazisimulia kwa kujisifu. Lile jukboksi lilinunuliwa kabla sijazaliwa, enzi za watu wa mgodi wa dhahabu. Mimi nimepata akili mgodi umeshalala, lakini msimu wa pamba wakulima walikuwa wanakuja wamelipwa, na madereva wa malori, na lile sanduku lilikuwa linaimba mpaka watu wanabebana kwenda nyumbani. Unatia sarafu, unabonyeza herufi, unabonyeza namba, halafu mkono wa ndani unatembea taratibu kuchagua santuri, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Wengine walikuwa hawana hela ya kunywa wala ya kuchezea, wanakuja kutazama ule mkono tu.

Sasa wa kufuta kioo alikuwa nani? Wa kuchungulia santuri isikwame, wa kuwaambia walevi wasilipige teke? Nilikuwa mimi. Babu yako aliniambia, "Nisaidie wiki hii, mwanangu, msimu ukiisha unarudi shule." Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mwalimu wangu alifika siku moja kuniulizia, akapewa soda ya baridi, akainywa yote, akaaga. Hakuna mtu aliyesema nisisome. Hakuna aliyenipiga. Nilishikiliwa kwa maneno mazuri na sahani ya nyama, basi. Herufi nilizozijua vizuri kuliko zote ni zile za kubonyeza.

Hili sikuwahi kukuambia. Ulikuwa unaniuliza kwa nini nikipita karibu na lile sanduku naingiza mikono kwenye kitenge, nikawa nakwambia lina vumbi.

Babu alipofariki wakalipeleka Butiama kwa bibi yako, likakaa stoo nyuma ya magunia ya mtama, kuku wakalifanya kwao. Nilidhani tumemalizana. Halafu wewe, umetoka chuo cha ufundi juzi tu, ukaenda kumsalimia bibi, ukalifungua. Unakumbuka? Ulitoka stoo umeinua yai juu, unapiga kelele, "Mama, hili boksi limetaga!" Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka kwa mdomo. Tumboni nilikuwa nimerudi Kiabakari, nina kitambaa cha kufutia mkononi.

Ukalileta Musoma, ukalipeleka dukani kwa Mzee Shabani pale Mukendo kwa sababu kila mtu alikuambia fundi wa redio za zamani amebaki huyo. Nilikuwepo. Alilizunguka, akapiga goti, akaingiza pua ndani akanusa. Akasema, "Nyaya zimeliwa na panya. Hizi taa za kioo, mbili zimekufa. Lakini mota ina roho. Nani atalitengeneza?"

Ukasema, "Si wewe, mzee?"

"Mimi macho yamechoka. Mimi nitakaa kwenye kiti nikutukane."

Na kweli akakaa, akakutukana kwa upole kila siku ya Mungu. Mchana nilikuwa naleta ugali wa udaga wa muhogo na visamaki vya furu, nakukuta mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, yeye ananisimulia kama vile mimi ndiye mwalimu wako na yeye ni mgeni. "Mama Wegesa, huyu mtoto wako ana kiburi, hakubali waya umshinde." Mteja akija na redio yake anamwambia, "Ngoja nimuulize fundi," halafu anakugeukia wewe. Nilikuwa naona ulivyokuwa unakaza uso usicheke. Mwanangu, baba yako alipotutoka nilidhani sitakuona tena umekaza uso namna ile, kwa furaha unayoificha.

Ndipo akapita yule Bwana Masatu wa Nansio, amekuja mjini kununua vipuri, akakuta miguu yako tu iko nje, kichwa na mabega vimo ndani ya sanduku. Akauliza, "Huyo nani?" Mzee Shabani akamjibu, "Huyo ndiye mwenye duka. Mimi mlinzi." Wakacheka. Akakaa, akatazama kazi, akasema ana karakana ya majokofu ya samaki kule Ukerewe na anatafuta mtu asiyeogopa chuma kizee. "Jumamosi nitakuwa hapa tena. Likiimba, mtu ninaye. Lisipoimba, hatuna ubaya."

Ulikuja nyumbani unakimbia. "Mama, likiimba naenda!"

Nikasema Mungu ni mwema.

Nilichokisikia moyoni sikukisema. Nilisikia nyumba itakavyokuwa. Mimi na wewe tangu msiba tunalala tunasikilizana, mmoja akikohoa mwingine anauliza. Nikafikiria kukohoa bila kuulizwa. Nilikuwa naamka naenda kutazama viatu vyako mlangoni kama bado vipo. Nilitafuta maneno ya kukuzuia, nikayapata, yalikuwa yaleyale ya babu yako: nisaidie kidogo tu, mwakani utaenda. Yakanitisha. Nikaona afadhali nisiyaseme. Sikuona kwamba kuna njia mbaya zaidi ya kuyasema.

Ijumaa Mzee alikwenda msikitini, wewe ukaenda kutafuta risasi ya kuchomea nyaya. Mkaniachia duka. Kile kichwa cha sindano, kinachogusa santuri ndipo itoe sauti, alikuwa amekisafisha mwenyewe, amekilaza kwenye kisosi juu ya pamba, akakifunika na kikombe, akasema kisiguswe mpaka Jumamosi asubuhi, kitafungwa mwisho wa yote. Nikainua kikombe. Kidogo, kama ganda la karanga, na ile ncha yake kama mwiba wa dagaa. Nikakifunga kwenye pindo la kitenge, nikarudisha kikombe kilivyokuwa. Uliporudi nikakuambia naenda mara moja kumwona bibi, mgongo unamsumbua. Ukasema, "Msalimie." Ulikuwa umeshainama.

Nilikwenda Butiama. Unajua ule mgomba nyuma ya jiko la bibi, ndipo kilipofukiwa kitovu chako. Kwetu mtu ni wa pale kilipolala kitovu chake, akienda wapi atarudi. Nikajiambia nikikilaza kile kitu hapohapo, kitakaa, na wewe utakaa. Naandika hivi uso unaniwaka. Mtu mzima, mama wa kwaya, nimechuchumaa nafukia kipande cha mashine na kutamka jina la mwanangu.

Bibi akanikuta. "Unachimba nini wewe?"

"Nahamisha machipukizi, mama."

"Machipukizi gani, na mgomba wenyewe mgonjwa?"

Nikakata mkungu wa ndizi, nikarudi Musoma nao, nikakuambia bibi anakusalimia sana.

Jumamosi unaijua, lakini unaijua ulivyoiona wewe. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na hotipoti ya chakula mkononi. Bwana Masatu amekaa kwenye benchi. Fundi cherehani wa jirani amesimamisha mashine yake aje aone. Mzee Shabani akainua kikombe kwa madaha, kama mtu anayefunua pilau, na chini yake pamba tupu. Mlitafuta. Mlinyanyua mkeka, mlimwaga makopo ya skrubu. Mwisho ukaliwasha hivyohivyo, labda kwa kutumaini tu. Taa zikawaka rangi ya chungwa, vioo vikang'aa, ule mkono ukatembea, ukachagua santuri, ukailaza, ikazunguka. Vizuri kabisa. Na kimya. Ikazunguka mpaka ikaisha, mkono ukairudisha mahali pake kwa adabu, kama vile imeshaimba.

Mtu mmoja akasema, "Linaimba kwa ishara!" Watu wakacheka. Bwana Masatu akainuka, akakuambia, "Si mbaya, binti. Siku nyingine." Akaenda zake.

Ukageuka. "Mzee, kiko wapi?"

"Mwanangu, nilikifunika hapa, na wewe unaona."

"Umekiuza. Wale wanaotafuta redio za zamani walikuja Alhamisi, nimekuona unanong'ona nao."

"Wegesa."

"Unakula chakula cha mama yangu kila siku, halafu unaniuza mimi! Mzee mzima, mwizi!"

Alivua miwani, akaifuta na kanzu, akaivaa tena. Akasema, "Haya." Basi, neno hilo moja.

Fundi cherehani akanigeukia. "Mama Wegesa, mtulize mtoto wako."

Nikasema, "Ana uchungu."

Hilo ndilo nililolisema siku ile, mbele ya watu wote wale, na ufunguo wa jambo zima nilikuwa nao mimi. Ana uchungu. Hukunihesabu kati ya waliokuwa dukani Ijumaa, na sikushangaa. Nani anamhesabu mama yake?

Ukaita mkokoteni, ukalileta sanduku nyumbani, ukalala umegeukia ukuta. Nilikupikia uji, ukasema huna njaa, halafu ukasema, "Mama, umebaki wewe tu." Wegesa, nilipata nilichokitaka. Uliniambia umebaki mimi tu, na sikuweza kuumeza hata uji niliokupikia.

Mukendo nako maneno yalikuwa yanatembea. Kuna siku nilipita mbali kidogo na duka la Mzee, nikaona kitu sikukipenda. Watu waliokuwa wanamwachia redio zao wanaenda sokoni wanarudi, sasa wanakaa palepale kwenye benchi mpaka amalize. Wanakaa tu, wanatazama mikono yake. Na yeye anatengeneza.

Mvua zilishaanza. Nikaenda Butiama nikafukua. Kilitoka kimevimba, kina ukungu wa kijani, na unga mweupe unatoka kwenye nafasi zake. Nilikipeleka Mukendo nimekifunga kwenye leso. Nilikuwa nimetunga uongo njiani, kwamba nimekiokota chini ya kitanda chako, kitu cha namna hiyo. Mzee akakigeuza kwenye mwanga. Akatoa udongo kwa ncha ya bisibisi, udongo mwekundu, akaupangusa kwenye kiganja. Akanitazama vidole vyangu. Ule uongo wangu ukakauka.

Akasema, "Ndani yake mna kitu kama chumvi. Ndicho kinachosikia santuri. Kikilowa, kimekufa. Hakiponi hiki, Mama Wegesa."

Nikakaa kwenye benchi lile la wateja. Nikasema, "Mzee, utamwambia?"

"Mimi natengeneza redio. Ya mama na mtoto siyatengenezi."

"Wamekuita mwizi."

"Nimesikia. Nilikuwepo." Halafu akaniuliza, "Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamwambia kukohoa peke yangu. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Hakucheka. Akasema na yeye watoto wake wako mbali, mmoja yeye Mzee alimkatalia ruhusa ya kuondoka mwaka mzima, na mtoto siku alipoondoka hakugeuka nyuma kumpungia. Akasema, "Ningempa siku ileile ya kwanza, angegeuka."

Akafunga duka kabla ya wakati, akaenda Bunda kwa mtu mwenye redio kubwa ya zamani ya kabati, ile yenye sehemu ya santuri, akarudi na kichwa kingine. Akanipa kwenye kipande cha gazeti. "Mwambie umekipata Bunda. Hujadanganya, kimetoka Bunda."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kukuambia siku ile. Nilikuletea, na wewe ukanirukia shingoni. Likaimba, mwanangu, likaimba ule wimbo wa magitaa babu aliokuwa anaupenda, na majirani wakaja, tukachinja yule jogoo mwekundu. Ukasimama katikati ya watu ukasema, "Nyie, mama yangu ameizunguka Bunda nzima kwa ajili yangu!" Wakanipigia vigelegele. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo la kuinama ndilo linaloniamsha. Kuiba niliiba kwa woga. Vigelegele nilivipokea kwa raha, angalau kidogo. Nilikuwa sijapigiwa tangu harusi yangu.

Bwana Masatu akaja, akasikia, akasema njoo. Wiki hii yote umeaga watu, mpaka yule anayetuuzia mkaa. Jana tulipokwenda Mukendo kununua begi ulinivuta mkono tukavuka barabara ili tusipite mbele ya Mzee Shabani. Wewe ulikuwa unatazama mbele. Mimi niligeuka. Alikuwa ameinua mkono kutupungia, ukafika nusu, akaumalizia kwa kujikuna kichwa.

Basi ni hayo.

Sikuandikii ili nikufundishe, sina uso huo. Lakini nimekaa na jambo hili mpaka nimeanza kulielewa, na kidogo nilichokielewa nisikunyime. Mimi nilikuwa nadhani anayekufungia njia ni adui yako, utamjua kwa sura. Babu yako alikuwa ananipenda. Mimi nakupenda. Mtu anaweza kukuletea chakula cha moto kwa mkono mmoja na mwingine unakuzuia, na yeye mwenyewe anauona ule wa chakula tu. Huko uendako watakuwepo watakaokupenda, nawaombea wawepo wengi. Wakikupa sababu nzuri sana ya kusubiri, ipime. Hata ikitoka kwangu. Nitakupigia simu nikilia nikisema njoo, mwili unaniuma. Muulize kwanza bibi kama ni kweli.

Na wewe nawe. Neno lile ulilisema wewe, hata kama nilikuwa nimekuwekea mdomoni. Tumegawana ubaya, mimi nanyamaza vibaya na wewe unasema vibaya. La kwako sitalibeba, ingawa ningependa. La kwangu nalibeba leo.

Mwanzo nilitaka kuichomeka barua hii chini kabisa ya begi, ndani ya kile kitenge kipya, uikute ukishavuka, maji yakiwa katikati yetu, usiweze kunitazama. Ndivyo nilivyopanga mpaka nimefika nusu ya ukurasa wa kwanza. Halafu nikaona ni kufukia tena. Kwa hiyo naiweka juu ya begi, wazi, uione ukiingia. Ukitaka kesho uondoke bila kunisemesha, chai itakuwa kwenye chupa. Ukitaka kunisemesha vibaya, nitakaa nisikie, sitasema una uchungu.

Sala ya alasiri imeisha, watu wanarudi madukani. Navaa viatu. Naenda Mukendo sasa hivi kabla ya msusi kukumaliza, nitasimama palepale uliposimama wewe, nitamwomba fundi cherehani asimamishe mashine yake, na nitasema kwa sauti yangu ya kuuzia dagaa nani aliyekuwa mwizi. Wakicheka, wacheke. Ukirudi usiponikuta, niko huko. Sikuambii unifuate. Nakuambia tu nilipo.

Kichwa kilichokufa kimo kwenye leso, hapa pembeni ya karatasi. Ni chako. Kibebe, au kitupe ziwani mkiwa katikati. Ila mwanangu, tafadhali, usikifukie.

Mama yako, ambaye ameshatoka.